Ufunguo uliokatikia ndani: kisa cha kitasa cha mlango mmoja Ngamiani, Tanga

Bibi mwenye nyumba alikuwa ndani. Nusu ya ufunguo ilikuwa mkononi mwake, nusu nyingine imebaki kwenye silinda, ile sehemu ya kitasa inayoingia ufunguo. Madirisha yote ya nyumba ile yana nondo, na mlango wa uani unafungwa kwa kufuli upande wa wapangaji wa nyuma, ambao walikuwa wameshatoka kwenda kazini. Nilipofika, jirani alikuwa anampitishia kikombe cha chai kati ya nondo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ufunguo huu umenifanyia vituko leo."

Mwalimu anayepanga chumba cha mbele alikuwa amesimama barazani na ufunguo wake, ambao ulikuwa unaingia bila kufika mwisho kisha unagoma. Yeye alikuwa ameshatoa hukumu: "Fundi, silinda imekufa hiyo. Tuivunje tuweke mpya." Nimeamua kukiandika kisa hiki kirefu kwa sababu hukumu ya mwalimu ndiyo hukumu ya karibu kila mtu, wakiwemo mafundi wenzangu. Mlango ukigoma silinda inalaumiwa, inatolewa, inawekwa nyingine, na baada ya masika moja ile mpya nayo inagoma. Hapa Ngamiani silinda ndiyo ilikuwa ya mwisho kuharibika, tena iliharibiwa na mengine yaliyoitangulia.

Kabla ya kugusa chombo chochote nilimuuliza bibi mambo mawili. Alikuwa anafunga au anafungua? Anafungua. Na jana usiku alizungusha ufunguo mara ngapi? "Moja. Ya pili haijawahi kukubali tangu kitasa hiki kiwekwe."

Jibu hilo la pili lilinipa nusu ya kazi. Kitasa hiki ni kile cha sanduku linalozama ndani ya ubao, chenye mikono miwili na silinda ya shaba ya manjano katikati, na ulimi wake, kile chuma kinachotoka na kuingia kwenye fremu, umetengenezwa utoke kwa mizunguko miwili. Kama mzunguko wa pili haukubali miaka yote hiyo, basi kuna kitu kwenye fremu kinachouzuia ulimi. Na kama kuna kitu kinachouzuia ulimi, huenda mkono wa bibi ulikuwa unapigana na fremu kila siku kwa kutumia ufunguo mwembamba wa shaba.

Ili jambo la kufungua lieleweke, lazima kwanza ieleweke silinda inafanya nini.

Ndani ya silinda kuna kiini cha mviringo, chenye kipenyo cha karibu milimita 13, kinachozunguka ndani ya ganda. Kiini ndicho chenye tundu la ufunguo. Kuanzia kwenye ganda hadi ndani ya kiini vimetobolewa vishimo vilivyopangana, kwa kawaida 5, na katika kila kishimo kuna vitu vitatu: springi, pini ya kusukuma, na juu yake pini ya ufunguo. Pini za kusukuma kwa kawaida hulingana urefu. Pini za ufunguo hutofautiana, na tofauti hizo ndizo siri ya kitasa. Bila ufunguo, springi inasukuma pini zote hadi pini ya kusukuma inakaa nusu ndani ya kiini na nusu ndani ya ganda, hivyo kiini hakiwezi kuzunguka. Ukiingiza ufunguo sahihi, kila bonde la ufunguo linaipeleka pini yake kina chake, mpaka kila makutano ya pini mbili yanakaa sawasawa kwenye mpaka wa kiini na ganda. Hapo hakuna pini inayovuka mpaka, na kiini kinazunguka.

Nafasi ya makosa ni ndogo sana. Kati ya kiini na ganda kuna uwazi wa sehemu chache za mia za milimita. Hatua moja ya kina cha bonde, kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine, kwa vitasa vingi ni kati ya milimita 0.4 na 0.6. Kwa pini 5 zenye vina 6 hesabu inatoa mipangilio 7,776, na viwanda havitumii yote, kwa sababu bonde refu mno haliwezi kukaa jirani na kilele kirefu mno bila ufunguo kukataa kuingia. Mpangilio wa namna hii ulipata hataza Marekani mwaka 1848 kwa jina la Linus Yale mkubwa, na mwanawe, Linus Yale Junior, ndiye aliyeufanya kuwa kitasa kidogo chenye ufunguo bapa tunachokijua, kwa hataza zake za miaka ya 1861 na 1865. Tangu hapo kanuni haijabadilika. Shaba inabadilika ubora, umbo la ganda linabadilika, lakini pini, springi na mpaka ni vilevile.

Kinachobadilika, na hapa pwani kina uzito wake, ni upande wa pini. Silinda zenye umbo la Ulaya, zile ambazo ukizitazama kwa mbele zina duara juu na mkia chini, zinafungwa mkia ukiwa chini. Pini na springi ziko ndani ya mkia huo, yaani chini ya tundu la ufunguo, ndiyo maana meno ya ufunguo yanatazama chini unapouingiza. Matokeo yake ni mawili. Vumbi lolote linaloingia kwenye tundu linadondokea kwenye vishimo vya pini. Na pini haina kitu cha kuirudisha juu isipokuwa springi yake peke yake. Katika kitasa ambacho pini ziko juu ya ufunguo, springi ikichoka uzito wa pini bado unaishusha kwenye bonde. Katika hiki, springi ikichoka au kishimo kikinata, pini inabaki kulala chini.

Sasa mlangoni. Ufunguo wa bibi ulikatika kiini kikiwa kimeshaanza kuzunguka. Hilo lilikuwa jema kwetu. Kiini kikishazunguka hata kidogo, pini za kusukuma zimebaki kwenye ganda na za ufunguo ziko ndani ya kiini, na kile kipande kilichokatika hakiwezi kutoka wala kusogea. Kitasa hakijali kama ufunguo una kichwa au hauna. Kinachohitajika ni kitu cha kukizungushia kiini.

Ufunguo wa mwalimu kwa nje haukuwa na msaada, na hili linawachanganya wengi. Katikati ya silinda yenye matundu pande zote kuna kiungo kidogo kinachosukumwa na ncha ya ufunguo. Upande wowote wenye ufunguo ndani yake ndio unaoshika kile kidole cha katikati kinachosogeza ulimi. Kipande kilichobaki upande wa ndani kilikuwa kimeshakishika kiungo, kwa hiyo ufunguo wa nje ulikuwa unagota njiani. Mwalimu alikuwa anaulazimisha. Nilimwomba autoe kabla nao haujakatika.

Nikapitisha dirishani bisibisi ndogo yenye ncha bapa.

"Bibi, iingize ncha kwenye tundu la ufunguo, mbele ya kile kipande. Usisukume. Nikisema zungusha, zungusha polepole upande ule uliokuwa unazungusha."

"Na ikigoma?"

"Ikigoma acha, usiilazimishe."

Mwanzo iligoma, kama nilivyotarajia. Nikashika mkono wa kitasa kwa nje kwa mikono miwili, nikaunyanyua mlango juu kwa nguvu na kuuvuta kidogo kwangu, nikamwambia azungushe tena. Ulimi ukarudi ndani, mlango ukafunguka. Bibi alizungusha kwa vidole viwili.

Kwa uchambuzi wa kisa hiki, dakika hiyo ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote. Silinda ile ile iliyosemwa imekufa, ikiwa na ufunguo uliovunjika ndani yake, ilizunguka kwa nguvu ya bibi mzee mara tu mlango uliponyanyuliwa. Nguvu iliyokata ufunguo ilikuwa inatumika kuuvuta ulimi uliobanwa na fremu.

Hapo nikafanya jaribio ambalo ningependa kila mwenye nyumba alijue, kwa sababu halihitaji fundi wala pesa. Mlango ukiwa wazi kabisa, zungusha ulimi utoke na urudi. Nilifanya hivyo kwa bisibisi ile ile. Ulitoka mzunguko wa kwanza, ukatoka wa pili ambao bibi hajawahi kuuona, ukarudi wote. Ulikuwa unanata kidogo, lakini haukugoma. Kitasa kinachokwenda mlango ukiwa wazi na kugoma mlango ukifungwa hakina ugonjwa mkubwa ndani yake. Tatizo liko kati ya mlango na fremu. Na kama kingegoma hata mlango ukiwa wazi, ndipo ningetoa silinda na kuzungusha ufunguo nikiwa nimeishika mkononi, kutenganisha ugonjwa wa silinda na ugonjwa wa sanduku.

Nikapaka chaki kwenye ulimi, nikafunga mlango bila kuubana, nikautoa ulimi mpaka ulipogusa, nikafungua na kutazama. Alama zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye ukingo wa chini wa tundu la bati la fremu: ulimi ulikuwa unaingia kwa kukwaruza ukingo huo, na bati lenyewe lilikuwa limeshang'arishwa hapo kwa miaka ya msuguano. Ya pili ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Fundi aliyeweka kitasa alitoboa bati vizuri lakini mbao iliyo nyuma yake aliichimba kidogo mno. Nilipima kina cha shimo: milimita 14. Ulimi ukitoka mizunguko yote miwili unahitaji zaidi ya 20. Mzunguko wa pili ulikuwa unagonga mbao.

Kwa nini ulimi ulikuwa chini ya tundu lake? Kwa sababu mlango ulikuwa umeshuka. Bawaba ya juu ilikuwa inacheza. Skrubu zake zilikuwa fupi, zimelegea kwenye mbao iliyochoka, na upande wa kitasa ukawa umeinama. Mlango wenyewe ni wa msonobari, mbao nyepesi ambayo inavimba ikinyonya unyevu. Mlango wa mninga usingecheza hivyo, kwa sababu mninga ni mbao tulivu. Wakati wa kaskazi mlango huu wa msonobari unapumua vizuri na bibi anaona kitasa kizima. Masika ikifika unavimba, ule mwinamo mdogo wa bawaba unaongezwa na uvimbe, na kitasa "kinaanza tena". Mwalimu aliniambia kila mwaka mwezi wa Aprili hali huwa hivi, na kila mwaka walikuwa wanapaka mafuta. Ugonjwa unaofuata majira ya mvua mara nyingi ni wa mbao. Pini hazijui mwezi wa Aprili.

Hapo ndipo yale mengine yalipozaliwa, na nataka kuyaeleza kwa mpangilio yalivyofuatana, maana kila moja lilikuwa jaribio la mtu kutibu lile lililotangulia.

Kwa kuwa ulimi ulibanwa, ufunguo wa kwanza uliotumika sana ulijipinda. Ufunguo uliopinda ukaanza kusumbua kuingia, ukapelekwa kuchongwa mwingine. Mchonga funguo hachongi ufunguo wa kitasa chako. Anachonga ufunguo uliomletea. Mashine ina kidole kinachopita juu ya meno ya ufunguo wa zamani na gurudumu linalokata ule mpya kwa kufuata. Kama wa zamani umelika, mpya unazaliwa ukiwa umelika. Kama umepinda, mpya unazaliwa na meno yaliyohama. Na juu ya kosa hilo mashine inaongeza lake dogo. Nakala ikitoa nakala, makosa yanarithiwa na kuongezeka.

Ufunguo wa mwalimu ulikuwa nakala ya nakala. Aliniambia kitu ambacho fundi yeyote wa vitasa akikisikia anapaswa kutega sikio: "Huu una namna yake. Unauingiza wote, halafu unauvuta nje kidogo sana, ndiyo unazunguka." Watu wanaishi na funguo za namna hiyo miaka na kuiona ni tabia ya kitasa. Si tabia. Ni kipimo kinachosema kosa liko wapi. Ufunguo una bega, ile sehemu pana inayogota kwenye uso wa silinda, na mabonde yote yamepimwa kuanzia begani. Mchongaji asipoukalisha ufunguo mpya begani sawasawa kwenye jiliwa la mashine, mabonde yote yanasogea kwa pamoja kuelekea mbele au nyuma. Yakisogea kuelekea ncha, ufunguo ukiingia wote mabonde yanakuwa yamezipita pini kidogo, na pini zinakaa kwenye miteremko badala ya chini ya mabonde. Ukiuvuta kidogo unayarudisha mahali pake. Bibi kwa bahati alikuwa na ufunguo mmoja wa dukani, uliofungwa kwa kamba ndani ya kabati tangu kitasa kinunuliwe, haujatumika. Niliulaza pembeni ya ule wa mwalimu kwenye mwanga, bega kwa bega, kisha nikapima kwa kalipa. Mabonde ya mwalimu yalikuwa yamehama kwa milimita 0.6. Zaidi ya hapo, bonde la kwanza karibu na bega lilikuwa limechongwa kina kuliko la asili.

Bonde hilo la kwanza ndilo lililomkatia bibi ufunguo. Ufunguo wake ulichongwa kwa kufuata wa mwalimu. Nguvu yote ya mkono inapita kwenye sehemu nyembamba kuliko zote ya ufunguo, na mahali pa hatari zaidi ni bonde refu lililo karibu na bega, kwa sababu hapo ndipo kichwa kinapokabidhi nguvu kwa mwili. Ukiongeza kina cha bonde hilo kwa robo ya milimita kwenye shaba laini, kisha ukaulazimisha ufunguo kuusogeza ulimi uliobanwa na mlango mzima, siku moja utakatika. Mkatiko wenyewe ulikuwa na sehemu mbili: nusu ilikuwa nyeusi ya zamani, nusu ilikuwa inang'aa. Ufa ulikuwepo kwa muda kabla ya asubuhi ile.

Na mafuta. Kitasa kilipoanza kunata, mtu alimimina mafuta ya cherehani. Yalipoisha ya cherehani wakamimina ya alizeti kutoka jikoni. Mafuta ya kupikia yanalainisha kwa siku chache, na kwa sababu hiyo watu wanayaamini. Lakini mafuta ya alizeti yakikaa hewani yanaganda polepole na kuwa kama gundi. Kila aliyewahi kuona ukingo wa kikaango cha zamani anaijua hiyo rangi ya kahawia isiyotoka. Changanya na vumbi la mtaani, na kumbuka pini za silinda hii ziko chini, mahali kila kitu kinapodondokea.

Ndipo nikaitoa silinda. Kazi hii ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ukingoni mwa mlango, chini ya ulimi, kuna skrubu moja ndefu inayoingia katikati ya silinda. Inatolewa yote. Kisha kiini kinazungushwa kidogo, nyuzi chache tu kutoka wima, mpaka kile kidole cha katikati kiingie kwenye wima wa mwili wa silinda, na silinda inachomoka kwa mkono. Ikigoma, kidole bado kiko nje; usiigonge kwa nyundo. Kipande cha ufunguo nilikitoa mezani. Kiini kilirudishwa wima kwanza, kwa sababu katika mkao mwingine wowote hakuna kitu kinachotoka, kisha kipande kikavutwa kwa waya mwembamba wenye ndoano ndogo.

Nikaifungua silinda yenyewe. Kidole kinashikiliwa na vipete vidogo vya chuma. Vikitoka, kiini kinaweza kusukumwa nje. Hapa wengi wanaharibu. Ukivuta kiini bila kitu kinachokifuata nyuma, springi na pini za kusukuma zinaruka kutoka kwenye ganda, na jioni nzima unazitafuta sakafuni. Kijiti cha mviringo chenye kipenyo sawa na cha kiini kinasukumwa nyuma yake bila kuacha mwanya, kinabaki ndani ya ganda kikizizuia pini za kusukuma, na kiini kinatoka na pini zake za ufunguo tu. Mimi natumia kijiti cha plastiki ngumu nilichokitengeneza mwenyewe. Pini nazipanga kwenye trei yenye vitundu kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, kwa sababu pini mbili zikibadilishana nafasi, ufunguo wa dukani haufungui tena.

Upande wa ndani wa silinda pini 3 kati ya 5 zilikuwa zimenata kwenye vishimo vyake. Zilikuwa zinashuka ufunguo ukizisukuma, hazipandi tena kwa haraka. Ndiyo sababu ya ile tabia ya kutikisatikisa ufunguo: pini ya ufunguo imebaki chini, inavuka mpaka kuingia kwenye ganda, na kiini kinagoma mpaka mtikisiko uiamshe. Kumbuka kwamba kosa la ufunguo uliochongwa kina kupita kiasi ni kinyume chake: pale pini zinapanda mno, na pini ya kusukuma ndiyo inayovuka mpaka. Silinda hii ilikuwa na makosa yote mawili kwa wakati mmoja, ya chini kwa gundi na ya juu kwa ufunguo mbaya, na ilikuwa bado inafunguka siku nyingi. Kwangu mimi hilo ni jambo la kuiheshimu shaba ile.

Nikaosha kila kitu kwa spiriti na brashi laini, mara kadhaa, mpaka spiriti ikatoka safi, nikaacha vikauke kabisa. Springi mbili za chuma zilikuwa na kutu. Nilibadilisha zote za upande ule kwa springi za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya Tanga ina chumvi na springi ya chuma cha kawaida haina maisha marefu ndani ya kishimo kinachokaa na unyevu. Pini zenyewe zilikuwa nzima. Sikuzipiga tupa. Nimeona mafundi wakiingiza ufunguo mpya kwenye kiini, wakaona pini zimechomoza kidogo juu ya uso wake, wakazisawazisha kwa tupa zikiwa ndani. Pini zinakuwa sawa, lakini uso wa kiini unakwaruzwa na kupata bapa, na kuanzia hapo kitasa kinafunguka kwa funguo ambazo hazikustahili. Pini ndefu inabadilishwa kwa pini ya kipimo sahihi.

Kwa kulainisha nilitumia dawa kavu ya tefloni, kidogo. Wengine wanatumia unga wa risasi ya penseli, na ndani ya bara sina ugomvi nao, ila usichanganywe na mafuta ya aina yoyote, kwa sababu vinakuwa matope meusi. Hapa pwani, penye unyevu wenye chumvi, sipendi kuuweka karibu na springi za chuma, kwa kuwa unga huo na chuma vikilowa pamoja vinaharakisha kutu.

Mlango ulichukua muda mrefu kuliko silinda, na ndivyo ilivyopaswa. Nilitoa skrubu za bawaba ya juu, nikajaza matundu kwa vijiti vya mbao na gundi, nikaweka skrubu ndefu zinazopita fremu na kushika ukutani. Mlango ukapanda. Shimo la nyuma ya bati nikalichimba kwa patasi mpaka milimita 25. Bati lenyewe halikuhitaji kupanuliwa, na nafurahi kwa hilo, kwa sababu kupanua tundu la bati kwa tupa ndiyo tiba ya haraka ambayo inaacha mlango unachezacheza wakati wa kiangazi. Kisha ufunguo wa dukani ukazungusha mara mbili, mlango ukiwa umefungwa, bila kuunyanyua.

Lakini silinda ile sikuirudisha pale, na kwa hili nilibishana kidogo na mwalimu, aliyeona sasa imepona. Mtu mwenye umri wa bibi, anayelala peke yake ndani ya nyumba ya nondo, hapaswi kutegemea ufunguo ili atoke. Leo ufunguo umekatika asubuhi, jirani yuko, chai inapita dirishani. Jiko likishika moto usiku hakuna mtu atakayekuwa na muda wa kutafuta bisibisi. Mlango wa mbele wa nyumba inayolala watu unahitaji silinda yenye ufunguo kwa nje na kishikio cha kuzungusha kwa ndani. Pingamizi la mwalimu lilikuwa la haki: mwizi akivunja kioo ataingiza mkono na kuzungusha kishikio. Tukapima. Kutoka dirisha la karibu hadi kitasa ni zaidi ya urefu wa mkono wa mtu mzima, na mlango hauna kioo. Kama ungekuwa na kioo, ningeshauri vingine.

Urefu tuliupima kutoka katikati ya tundu la ile skrubu ndefu hadi uso wa bati la mkono, kila upande peke yake, kwa sababu pande mbili si lazima zilingane. Ilitoka 29 kwa nje na 30 kwa ndani, basi silinda ya 60, yaani 30 kwa 30, inatosha. Ile ya zamani ilikuwa ya 70 na ilichomoza milimita 6 kwa nje. Silinda iliyochomoza inashikika kwa koleo na kuvunjwa katikati, pale penye tundu la skrubu ambapo shaba ni nyembamba. Isizidi milimita 2 au 3.

Silinda ya zamani ilihamia mlango wa stoo, ambao ni mnene zaidi. Kwa kuwa hakuna anayejua wapangaji waliopita wameondoka na nakala ngapi, nilibadilishanisha pini za nafasi ya 2 na ya 4 pande zote mbili, na ufunguo mpya ukachongwa kwa vipimo, si kwa kufuata mwingine. Silinda mpya ilikuja na funguo 3. Bibi ana mmoja, mwalimu mmoja, na wa tatu umefungwa kwa kamba kwenye kabati. Nimemwomba mwalimu, nakala ikihitajika, autoe huo ukachongewe, kisha urudi kabatini siku hiyo hiyo. Mpangaji wa chumba cha nyuma, aliporudi jioni na kukuta habari, aliuliza kama mlango wake nao unaweza kuwekewa kishikio. Unaweza, ila kufuli lile la nje la uani litoke kwanza.